Butterick, Fundi Aliyeuza Karatasi

Ukurasa huu umezoea kuwaletea wasomaji habari za mashehe, watunga mashairi na masultani. Leo naomba ruhusa nizungumze juu ya fundi cherehani mmoja wa Amerika, Ebenezer Butterick. Jina lake limeonwa na wengi juu ya bahasha za karatasi za kukatia nguo, lakini wachache waliotambua kuwa ni jina la mtu aliyekula na kunywa kama sisi.

Mimi mwenyewe jina hilo nilikutana nalo Kisii, si Mombasa. Nilikuwa na kazi huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Nyamira ingali sehemu ya Wilaya ya Kisii. Mtu wa pwani akifika kule kwanza hushangazwa na baridi na ukungu juu ya majani chai, kisha na migomba isiyo na mwisho. Mimi kilichonishangaza zaidi ni cherehani. Mafundi wa barazani walikuwako mjini, kama walivyo kwetu Mji wa Kale, lakini ukienda Keroka au Nyansiongo ulikuta akina mama wengi, hasa walimu wa shule, wakijikatia nguo zao wenyewe nyumbani. Walipata majarida ya mitindo kutoka Ulaya, mengine yamechakaa, mengine yamekuja na ndugu aliyesafiri. Ndani ya jarida kama Burda la Ujerumani, lililoanza mwaka 1950, hutokea karatasi kubwa iliyojaa mistari ya kila namna, umoja juu ya mwingine, hata mgeni akiitazama hudhani ni ramani ya reli za nchi kumi. Mama hufuata mstari wa kipimo chake, akaunakili juu ya gazeti la zamani au karatasi ya kaki, akakata, na karatasi hiyo ndiyo patani yake. Akimaliza yeye, humwazima jirani. Karatasi moja ya gauni ilitoka Keroka ikazunguka mpaka Ogembo, na kila ilikopita iliongezewa au ikapunguzwa kidogo kiunoni.

Katika kuulizauliza asili ya kazi hii ndipo nilipofika kwa Bwana Butterick.

Alizaliwa tarehe 29 Mei 1826 katika mji mdogo wa Sterling, jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa seremala. Jimbo hilo halikuwa geni kwa babu zetu, ingawa hawakujua kulitamka. Merikebu za Salem, bandari ya Massachusetts, ndizo zilizokuwa zikileta Unguja kile kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita marikani, nazo zikirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na balozi wao mdogo akafika Unguja mwaka 1837. Kwa hiyo Butterick alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nguo iliyofumwa katika viwanda vya jimbo lake ilikuwa tayari imevaliwa Mombasa, Lamu na bara ya mbali.

Alijifunza ushoni kwa fundi wa mji wa Worcester, akawa fundi wa nguo za wanaume. Pengine angeishi na kufa hivyo, akijulikana na watu wa mtaani kwake tu, kama mkewe asingelikuwa mshonaji pia. Mkewe aliitwa Ellen, wa ukoo wa Pollard. Hapa nawaomba wasomaji wasikilize kwa makini, maana hapa ndipo pana neno.

Siku zile karatasi za kukatia nguo zilikuwako. Majarida ya akina mama yalikuwa yakichapa michoro ya kukatia, na Bibi Demorest wa New York, pamoja na mumewe, walikuwa wameanza mwaka 1860 kutoa jarida lao lenye karatasi za mitindo ndani yake. Kasoro ilikuwa kwamba karatasi ilikuja kwa kipimo kimoja. Mwanamke mnene na mwembamba, mrefu na mfupi, wote walipewa karatasi ile ile, na kila mmoja akatakiwa ajue mwenyewe namna ya kuikuza au kuipunguza. Kufanya hivyo si jambo la kuongeza inchi moja ukingoni ukadhani umemaliza. Kifua kikizidi inchi mbili, bega halizidi inchi mbili. Shimo la kwapa hubadilika kwa kiasi chake na shingo kwa kiasi chake. Asiyejua hayo atapata vazi linalobana kwapani na kupwaya mgongoni. Fundi aliyesomea kazi anajua, na ujuzi huo ndio ulikuwa mali yake.

Inasimuliwa kwamba wakati wa baridi ya mwaka 1863 Ellen alikuwa akimkatia mtoto wao wa kiume, Howard, kinguo cha kitambaa cha drafti, akamwambia mumewe kuwa ingekuwa raha kubwa lau karatasi zingepatikana kwa vipimo mbalimbali, kila mtu achukue chake. Mume alilishika neno hilo. Akatumia hesabu za ufundi wake, akatengeneza karatasi moja ya asili, kisha akazitoa nyingine kwa daraja, ndogo mpaka kubwa. Kwanza alizikata kwa karatasi ngumu, lakini ngumu haikunjiki wala haitumiki kwa posta, akahamia kwenye karatasi laini nyembamba kama ile ya kufungia vyombo vya kioo. Hazikuwa na maandishi. Zilitobolewa matundu na kukatwa vipengele vidogo ukingoni, na kila tundu lilikuwa na maana yake: hapa kunja, hapa unga, hapa weka rinda.

Wako wanaotilia shaka hadithi ya Ellen, wakisema biashara kubwa hupenda kujitungia kisa cha kupendeza cha kuanzia. Mimi naiamini zaidi kuliko kuikataa. Fundi wa nguo za wanaume ana wateja wanaokuja dukani kupimwa. Hana haja ya karatasi ya vipimo kumi. Mwenye haja ni mama aliye nyumbani na watoto wanaokua kila mwaka. Hata hivyo kampuni iliposajiliwa mwaka 1867 iliitwa E. Butterick na Wenzake, na wenzake hao walikuwa Jones Wilder na Abner Pollard. Jina la Pollard liliingia kwa upande wa mwanamume.

Mwaka ule wa 1863 ulikuwa katikati ya vita vya Wamarekani wao kwa wao, vilivyoanza 1861 na kwisha 1865. Pamba ya kusini ilizuiwa, viwanda vikakosa malighafi, na huku kwetu marikani ikaadimika mpaka nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake. Kwa Butterick, nyumba nyingi kule zilikuwa hazina mwanamume wala fedha ya kumpa fundi, na cherehani, ambayo Singer aliipatia hataza mwaka 1851, ilikuwa imeanza kuingia majumbani. Cherehani inashona upesi lakini haijui kukata. Karatasi za Butterick zikaja kuziba pengo hilo.

Alianza na nguo za wanaume na watoto wa kiume. Iliyovuma zaidi ilikuwa suti ya watoto kwa mtindo wa Garibaldi, yule mpiganaji wa Italia wa shati jekundu, ambaye habari zake zilikuwa midomoni mwa watu wakati ule. Kazi ikahama Sterling kwenda Fitchburg, na mwaka 1864 akafungua ofisi New York. Nguo za wanawake hazikuanza mpaka 1866, na hapo ndipo mlango ulipofunguka kweli. Mwaka 1867 kampuni ikatoa jarida la mitindo la kila miezi mitatu, na baadaye likaja The Delineator, lililosomwa kuliko mengi ya namna yake. Jarida lilionyesha vazi, na chini yake nambari; msomaji akiagiza nambari hiyo na kutaja kipimo chake, karatasi humfikia kwa posta. Hesabu inayotajwa ya mwaka 1871 ni karatasi zipatazo milioni sita. Katika miaka iliyofuata kukawa na ofisi London, Paris, Berlin na Vienna.

Msomaji ataniuliza, haya yote yatuhusu nini sisi? Kule Kisii wapo Waislamu, na wengi wa wale wa zamani ni Wanubi, wazao wa askari wa zama za Mwingereza. Miongoni mwa akina mama wao nilisikia jambo ambalo pwani hatulisemi kwa sauti. Mwanamke akitaka gauni humwendea fundi, na fundi mara nyingi ni mwanamume asiye maharimu wake, naye amshikie futi kamba kifuani na kiunoni. Wenye haya walikuwa wakipeleka nguo ya zamani iwe mfano, na mfano wa zamani huzaa mtindo wa zamani. Karatasi iliwatoa katika dhiki hiyo. Mama hujipima mwenyewe chumbani, au hupimwa na dada yake, akachagua mtindo mpya kabisa, kisha akapandisha shingo, akarefusha mikono mpaka kifundoni na kuteremsha pindo mpaka chini. Nimeona gauni lililotoka katika jarida la Ulaya ambalo mwenye jarida mwenyewe asingelitambua, na lilikuwa zuri kuliko picha. Wapo wazee waliokuwa wakilaumu majarida yale kwamba yanaleta uchi majumbani. Picha nyingine kweli hazifai kutazamwa. Lakini karatasi haina amri juu ya urefu wa nguo. Mkasi umo mkononi mwa mwenye kukata.

Mafundi wa barazani hawakufurahi, nami siwalaumu, kwa kuwa ujuzi waliousomea miaka ulikuwa ukitembea ndani ya bahasha. Baadhi yao walizinunua karatasi hizo wenyewe wakazificha chini ya meza, mteja asizione.

Butterick hakuwa mtu wa makeke. Mwaka 1881 kampuni ilipopangwa upya ikawa kampuni ya uchapishaji, urais ukashikwa na Wilder, naye fundi akabaki katibu mpaka 1894 alipojitoa. Alifariki Brooklyn tarehe 31 Machi 1903, akiwa na miaka sabini na sita. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu muda mfupi tu kabla, mwaka 1901, na Waingereza hawakuweka kituo chao Getembe, yaani Kisii, mpaka 1907. Kwa hiyo alikufa kabla ya duka la kwanza la kitambaa kufunguliwa katika mji ule. Jarida lake, The Delineator, liliendelea hadi 1937 likakoma. Karatasi zenye jina lake ziliendelea kuchapwa zaidi ya miaka mia moja baada ya yeye kuzikwa, na zile za Ellen, kama alizikata kwa mkono wake pale Sterling, hazikuandikwa jina la mtu.