Semei Kakungulu, Mjenzi wa Mbale

Ukiondoka Bukoba kwenda kaskazini, ukiipita nchi ya Kiziba na kuvuka Mto Kagera, huendi mbali kabla ya kuifikia nchi iliyoitwa Koki. Leo nchi hiyo ni sehemu ya Uganda, lakini zamani ilikuwa na mfalme wake mwenyewe, ambaye cheo chake kilikuwa Kamuswaga, na watu wake walisifiwa kwa ufundi wa kufua majembe. Huko Koki, yapata mwaka 1869, alizaliwa mtoto ambaye baadaye habari zake zilisikiwa tangu Ziwa Viktoria hata mlima wa Masaba. Mtoto huyo ndiye Kakungulu.

Alipokuwa kijana alijifunza kuwinda tembo. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Mwindaji alipaswa kujua njia za porini, kustahimili njaa na mvua, na kuwaongoza wenzake bila kuonyesha hofu. Tena siku zile pembe za ndovu zilikuwa mali kubwa, maana kwa pembe watu walipata nguo na bunduki kutoka pwani. Kwa hiyo mwindaji hodari alitakiwa na wafalme. Kakungulu akaenda Buganda, akaingia katika kazi ya Kabaka Mwanga, ambaye alirithi kiti cha baba yake Mutesa mwaka 1884.

Katika mji mkuu alikuta jambo jipya. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamefika mwaka 1877, na mapadre Wafaransa mwaka 1879, na vijana wengi wa baraza la Kabaka walikuwa wakijifunza kusoma. Kusoma kulikuwa na hatari. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Mwanga aliwaua Wakristo wengi, na tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto Namugongo. Hata hivyo watu hawakuacha kusoma. Kakungulu naye akajifunza kitabu, akabatizwa kwa Waprotestanti, akapewa jina la Semei.

Mwezi wa Septemba mwaka 1888 Wakristo na Waislamu walishirikiana kumwondoa Mwanga, naye akakimbilia kusini ya ziwa, akafika Bukumbi karibu na Mwanza. Lakini ushirika huo haukudumu. Mwezi uliofuata Wakristo walifukuzwa katika mji mkuu, wakakimbilia Ankole, na Kakungulu alikuwa pamoja nao. Huko ugenini, katika umaskini, ndipo watu walipotambua kwamba kijana huyu mwindaji alikuwa jemadari. Aliyezoea kuwaongoza wawindaji katika nyika alijua pia kuwaongoza askari. Vita vilivyofuata vilikuwa vikali, na mji ulishikwa na kupotea na kushikwa tena. Mwezi wa Februari mwaka 1890 Mwanga alikuwa amerudi katika kiti chake, na Kakungulu alikuwa miongoni mwa watu waliomrudisha.

Baada ya hapo Kakungulu alipanda upesi. Mwaka 1893 akapewa cheo cha Kimbugwe, mmoja wa wakuu waliokuwa karibu sana na Kabaka. Akaongoza majeshi ya Baganda katika vita vya Bunyoro, juu ya Mfalme Kabalega. Askari walimpenda, maana hakuwa mchoyo wa nyara, wala hakukaa nyuma wenzake walipokwenda mbele. Lakini palikuwa na mtu mwingine aliyekuwa mkubwa kuliko yeye, naye ni Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda. Wote wawili walikuwa Waprotestanti, wote wawili mashujaa, na wote wawili wenye kutaka ukubwa. Wahenga walijua ya kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1895 Kakungulu aliacha cheo cha Kimbugwe na kuondoka katika mji mkuu. Akapewa Bugerere, jimbo lililo mpakani, kati ya Mto Nili na Ziwa Kyoga.

Mtu mwingine angeliona jambo hilo kuwa ni kutupwa. Kakungulu hakuliona hivyo. Alikusanya watu wake, akajenga kando ya ziwa mahali paitwapo Galiraya, akatengeneza mitumbwi, akaanza kutazama ng'ambo. Aliona ya kwamba kule Buganda hawezi kuwa wa kwanza, lakini ng'ambo ya maji ilikuwako nchi pana isiyokuwa na mfalme mmoja. Tangu siku hizo shauri lake lilikuwa moja: kujipatia ufalme wake mwenyewe.

Mwaka 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza. Akashindwa, akakimbilia nchi iliyotawaliwa na Wadachi, akawekwa kizuizini Bukoba. Lakini akatoroka, akarudi kupigana, na mwisho akaungana na adui wake wa zamani, Kabalega. Kakungulu alikuwa upande wa Waingereza. Tarehe 9 Aprili 1899 jeshi lake la Baganda, pamoja na Kanali Evatt na askari wa serikali, liliwakamata wafalme wote wawili katika nchi ya Lango. Wakapelekwa visiwa vya Shelisheli. Mwanga akafa huko mwaka 1903, na Kabalega akafa mwaka 1923 njiani, alipokuwa akirudishwa kwao. Hivyo mtu aliyepigana ili Mwanga arudi katika kiti, miaka tisa baadaye alisaidia kumfunga. Wako waliomsifu kwa jambo hilo, na wako ambao hawakumsamehe kamwe.

Sasa njia ya mashariki ilikuwa wazi. Kakungulu na watu wake walivuka Ziwa Kyoga wakaingia nchi ambayo Baganda waliiita Bukedi. Jina hilo halikuwa la heshima, wala wenyeji hawakujiita hivyo. Walikuwa makabila mengi, Wateso, Wagwere, Wagishu na wengine, kila moja na lugha yake, na wengi wao waliongozwa na wazee bila mfalme. Kakungulu alitumia namna moja kila mahali. Kwanza alijenga boma lililozungukwa na handaki. Ndani ya boma aliweka askari wenye bunduki na mkuu wao. Kisha migomba ikapandwa, ili askari wasitegemee chakula cha kubebwa. Halafu njia ikalimwa kwenda mahali pa boma la pili. Hivyo ndivyo alivyofika Bululu, Serere na Soroti, na baadaye Budaka, ambako alijenga makao makubwa. Nchi ikagawanywa katika majimbo na wilaya kwa mfano wa Buganda, na kila sehemu ikapewa mkuu wake.

Haifai kusahau ya kwamba kazi hiyo ilikuwa na pande mbili. Aliyetazama kutoka upande wa Kakungulu aliona barabara zilizonyoka, mashamba mapya na masoko. Aliyetazama kutoka upande wa mwenyeji aliona watu wageni wenye bunduki, ambao hakuwaita, wakichukua ng'ombe wake, wakimlazimisha kazi ya barabara, na kumweka mtawala asiyejua lugha yake. Vijiji vingi vilipigana, na watu wengi walikufa kwa mikuki na risasi. Wakuu waliowekwa na Kakungulu hawakuwa wote watu wa haki, na mashtaka juu yao yalifika kwa serikali.

Serikali yenyewe ilikuwa na mashauri yake. Mwaka 1899 Sir Harry Johnston alifika Uganda kuwa mjumbe mkuu wa Uingereza, na tarehe 10 Machi 1900 mkataba ukatiwa sahihi kati ya Waingereza na wakuu wa Buganda. Katika mkataba huo cheo cha Kabaka, baraza, mipaka ya nchi na ardhi ya wakuu viliandikwa vyote. Kakungulu naye alizungumza na Johnston habari za Bukedi, na katika mazungumzo hayo alifahamu ya kwamba atafanywa Kabaka wa nchi ile aliyoishika. Akaondoka na furaha, akaanza kuishi kama mfalme. Lakini ahadi aliyoishika moyoni haikuwekwa katika mkataba kama ule wa Buganda. Johnston akaondoka Uganda mwaka 1901, na Waingereza waliobaki hawakukubali kwamba Kakungulu ni mfalme. Kwao alikuwa mtumishi aliyefanya kazi ya serikali, naye mtumishi huweza kuondolewa.

Mwaka 1902 akaamriwa kutoka Budaka na kuyakabidhi maboma yake. Akapewa ardhi ya maili 20 za eneo karibu na mlima wa Masaba, ambao Wazungu waliuita Elgon. Mali bila daftari huisha bila habari, na ufalme nao ni vivyo hivyo. Kakungulu alikuwa na askari, bunduki, maboma na sifa. Alikosa neno lililoandikwa.

Alikuwa bado ana bunduki nyingi na watu wengi waliokuwa tayari kufa kwa ajili yake, na rafiki zake walitazama kama atapigana. Hakupigana. Aliwachukua watu wake, akaenda chini ya mlima, mahali palipokuwa na nyasi na vichaka, akaanza upya kwa jembe. Wakachimba mifereji, wakalima barabara pana, wakapanda migomba na miti ya kivuli, wakajenga nyumba kwa mistari. Wafanya biashara wakaja, Waswahili, Waarabu na Wahindi, na soko likakua upesi. Mahali hapo ndipo Mbale. Katika muda wa miaka michache mji huo uliwashinda miji mingine ya mashariki kwa watu na biashara, hata serikali ikaona afadhali kuhamishia ofisi yake huko. Hivyo Kakungulu akapata heshima na hasara pamoja, kwa maana mji alioujenga mwenyewe ukawa chini ya amri ya wengine.

Mwaka 1906 serikali ilimpeleka Busoga, awe mkuu wa baraza la watawala wote wa nchi ile, makao yake yakiwa Jinja. Kwa miaka saba alifanya kazi huko, akipanga baraza na mahakama. Lakini Basoga walikuwa na watawala wao wa asili, na hawakupenda kuongozwa na mgeni daima. Mwaka 1913 akarudi Mbale kuwa mkuu wa jimbo, cheo kidogo sana kwa mtu aliyetumaini kiti cha Kabaka.

Tangu wakati huo moyo wake uligeuka kutoka mambo ya vita na utawala ukaelekea mambo ya dini. Alijiunga na watu wa Malaki, kundi lililokataa dawa zote za hospitali, na kwa sababu hiyo alishindana na serikali, ambayo ilitaka watu na ng'ombe wachanjwe. Mwaka 1917 alihamia Gangama, chini ya mlima, akatumia siku zake katika kusoma Biblia. Aliyasoma sana Maagano ya Kale, akaona ya kwamba amri zilizotolewa kwa Musa zapasa kushikwa zote. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, akaifuata dini ya Kiyahudi. Mwaka 1922 akapiga chapa kitabu cha sala na mafundisho kwa ajili ya wafuasi wake. Wakristo wenzake wa zamani walihuzunika kwa kuachwa naye, lakini hawakuweza kusema ya kwamba alifanya hivyo kwa kutafuta mali au ukubwa, maana katika jambo hilo hakupata chochote cha duniani.

Kakungulu alikufa tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa karibu na Mbale. Wafuasi wake waliitwa Abayudaya. Walipungua sana katika taabu zilizofuata, na katika miaka ya utawala wa Idi Amin, tangu 1971 hata 1979, walikatazwa kusali kwa dini yao. Lakini hawakwisha, na kizazi chao kipo Mbale mpaka leo.

Ukiyapima maisha ya mtu huyu, utaona ya kwamba alichotaka sana hakukipata, na alichokifanya bila kukihesabu ndicho kilichobaki. Alitaka ufalme, akaupigania kwa miaka mingi, akamwaga damu ya watu kwa ajili yake, na ufalme ukamponyoka kama maji katika kiganja. Maboma yake yamekuwa nyasi, na mahandaki yake yamejaa udongo. Lakini mji wa Mbale upo, na watu waendao sokoni huko hupita katika mahali alipochagua yeye. Naye alipokuwa ameshindwa, ana bunduki mkononi na haki moyoni, aliiweka bunduki chini akashika jembe. Siku ile hakuna mtu aliyeimba sifa zake, lakini huenda ndiyo siku aliyokuwa mkubwa kuliko zote.