Rumanyika wa Karagwe na nyumba ya vitu visivyouzwa

Sifa zote njema ni za Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Ama baad.

Ndugu wasomaji, mara nyingi tunaitwa kuwasuluhisha warithi waliotofautiana juu ya kitu kimoja alichoacha marehemu: kibanja cha migomba na kahawa, jambia la babu, au kiti alichokuwa akikalia mzee. Mmoja anataka kiuzwe, mwingine hataki hata kusikia. Ijumaa hii tumeona tusimulie habari za mtu ambaye hakuwa Muislamu, lakini aliishi na Waislamu kwa wema, naye alijua vyema kipi cha kuuza na kipi cha kuacha. Huyo ni Rumanyika, Omukama wa Karagwe.

Alikuwa wa ukoo wa Bahinda, mwana wa Ndagara, na makao yake yalikuwa Bweranyange. Ndagara alipofariki, katikati ya karne ya 19, wanawe waligombea kiti. Msafiri Mwingereza Speke alisimuliwa kwamba ndugu watatu waliwekewa ngoma ya ufalme mbele yao; wawili wakashindwa kuinyanyua, Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Hatulazimiki kuisadiki hadithi hiyo. Inatosha kuona kuwa watu wa Karagwe waliutambua ufalme kwa kitu kilichorithiwa, si kwa wingi wa ng'ombe. Nduguye Rogero hakuridhika, vita vikazuka, na miongoni mwa waliomsaidia Rumanyika kushinda alikuwamo Musa Mzuri, mfanyabiashara Muislamu mwenye asili ya Surat, India, aliyekuwa na makao Kaze, karibu na Tabora ya leo.

Hisani hiyo haikusahaulika. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipewa mahali pa kukaa Kafuro, wakanunua pembe za ndovu na kuleta nguo, shanga na nyaya za shaba. Speke na mwenzake Grant walipofika mwezi wa Novemba 1861, hawakudaiwa hongo iliyokuwa imewasumbua njia nzima. Speke alipoendelea na safari kwenda Buganda mwezi wa Januari 1862, Grant alibaki akiuguza mguu, akatunzwa na mwenyeji wake hadi Aprili.

Mwaka 1876 alifika Stanley. Alipita kwanza Kafuro kwa Mwarabu Hamed Ibrahim, kisha akapokelewa na Omukama, akapewa msaada wa kuzuru maziwa na mto Kagera, na akafika kwenye chemchemi za moto za Mtagata, ambazo leo zimo katika wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Lakini kilichomshangaza zaidi ni nyumba moja ya nyasi, ya duara, iliyohifadhi hazina ya mfalme. Ndani yake alihesabu bata 16 wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu 10 za pofu, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa. Palikuwapo mikuki yenye ncha mbili, mundu za chuma na kiti cha enzi kilichochongwa katika gogo moja. Na mahali pa heshima ilikuwapo bunduki ambayo Speke alimwachia Rumanyika miaka 14 iliyotangulia.

Tutafakari kidogo juu ya bunduki hiyo. Wakati ule bunduki ilikuwa bidhaa ya thamani kubwa njia nzima ya misafara, na wanunuzi walikuwa jirani tu, Kafuro. Rumanyika aliuza pembe, tena kwa wingi, wala hakuona haya, kwa kuwa pembe ilikuwa mali ya biashara. Vilivyomo katika nyumba ile vilikuwa kitu kingine. Mapokeo yanamtaja baba yake kuwa alikuwa mfalme mhunzi, na nyundo na fuawe zilikuwa alama za ufalme wenyewe. Vitu hivyo vilifuata kiti, havikugawanywa kwa watoto, na aliyekaa kitini alikuwa mtunzaji wake tu.

Wanaosoma fiqhi watakumbuka wakfu, kama ile ardhi ya Sayyidna Umar ya Khaybar, isiyouzwa, isiyotolewa zawadi wala kurithiwa. Hatusemi nyumba ya Bweranyange ilikuwa wakfu. Masharti yake hayakuwapo. Mfanano upo kwa mtunzaji, ambaye anashika asichokimiliki. Sisi tukitaka kitu kibaki katika ukoo, njia ya wakfu iko wazi, au wasia kwa asiyekuwa mrithi usiozidi theluthi. Bila ya hayo, kitu hicho ni tirka. Hutolewa kwanza gharama za maziko, hulipwa madeni, hutekelezwa wasia, kisha kila mrithi ana haki yake humo, hata dada aliyeolewa mbali. Kisichogawanyika kithaminiwe kwa haki. Mmoja akichukue katika fungu lake kwa ridhaa ya wenziwe, au kiuzwe wagawane thamani. Kaka mkubwa hana ruhusa ya kukiuza peke yake kwa sababu tu funguo ziko kwake.

Katika wilaya hizo hizo za Rumanyika tunashuhudia butura, kahawa kuuzwa ingali mtini, hata maua hayajawa matunda. Sheria yetu imekataza kuuza matunda kabla hayajadhihirika kuiva, kwani mnunuzi na muuzaji wote hawajui wanachobadilishana. Na aliyeanza kwa kuuza kahawa changa, tumemwona baadaye akiuza na kibanja alichozikwa baba yake.

Rumanyika alifariki miaka michache baada ya ziara ya Stanley. Jamaa zake waligombea kiti na damu ikamwagika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikaangamiza ng'ombe wa nchi, wakati Wajerumani wakiingia. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu, na kiti ambacho vitu vile vilikuwa vikikifuata hakikuwa tena na mamlaka.

Wallahu a'lam.