Pavlov: mnamjua kwa kengele, Nobel alipewa kwa tumbo

Wadau, ukimtaja Pavlov kwa mtu yeyote aliyesoma baiolojia kidogo, atakujibu: mbwa, kengele, mate. Basi, hadithi imeisha. Kumbe mzee huyu alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1904, Mrusi wa kwanza kuipata, kengele haikuhusika kabisa. Alipewa kwa kazi yake juu ya tumbo na mishipa ya fahamu inayoliamrisha. Na kwa kuwa huku mtaani kila mwenye vidonda vya tumbo anaambiwa apunguze mawazo, nimeona tumjue vizuri.

Ivan Petrovich Pavlov alizaliwa 1849 katika mji wa Ryazan, Urusi. Baba yake alikuwa padri wa Kiorthodoksi. Utotoni alianguka kutoka juu akaumia vibaya, ndiyo maana shule alianza akiwa na miaka 11. Akapelekwa seminari afuate nyayo za baba, ila vitabu vya sayansi vikamharibia mpango, hasa kile cha Sechenov cha 1863 kuhusu refleksi za ubongo. Mwaka 1870 akaiacha seminari, akaingia Chuo Kikuu cha St. Petersburg.

Alisota. Alimwoa Serafima 1881 wakati mfukoni hamna kitu, na mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mdogo. Inasimuliwa kwamba wanafunzi wake walimchangia hela, naye badala ya kupeleka nyumbani akanunulia wanyama wa majaribio. Sijui mama Serafima alilipokeaje hilo! Kazi ya uhakika aliipata 1890, ana miaka 40.

Sasa hapa ndipo penyewe. Pavlov alimfanyia mbwa upasuaji, akalikata umio na kulitokeza shingoni, kisha akaweka bomba tumboni. Mbwa akipona, anapewa nyama. Anatafuna, anameza, nyama inatokea shingoni na kudondoka chini. Tumboni haifiki hata chembe. Lakini baada ya dakika tano hivi, tindikali safi inaanza kutiririka kwenye bomba. Nani kaliambia tumbo kwamba kuna chakula? Pavlov akaikata neva ya vagasi, ule mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, unapita shingoni na kifuani hadi tumboni. Mbwa akala kwa hamu ileile, tindikali haikutoka. Jibu likawa limepatikana.

Ni ukatili? Kwa macho ya leo, wengi watasema ndiyo. Ila alikuwa na chumba safi cha upasuaji na mbwa walipewa dawa ya usingizi, kwani alitaka wapone na waishi. Maabara ilifika hadi kuuza tindikali ya mbwa kama dawa ya watu wenye tumbo lisilosaga chakula, maelfu ya chupa kwa mwaka. Wateja walikuwepo, jamani.

Ninachompendea zaidi ni cha 1902. Waingereza wawili, Bayliss na Starling, walikata neva zote za kipande cha utumbo mdogo, wakaweka tindikali humo, na kongosho likatoa maji yake vilevile. Maana yake kuna ujumbe unaopita kwenye damu, si neva peke yake. Pavlov alikuwa amejenga jina lake lote kwenye neva. Akaagiza jaribio lirudiwe mbele yake, akaona kwa macho, akakubali kwamba wenzake wako sahihi. Ni wangapi wetu wangeweza?

Mapinduzi ya 1917 yakaja na njaa. Alipoteza mtoto mwingine miaka ile. Mwaka 1921 Lenin alitia saini amri ya kumpa mazingira mazuri ya kazi, lakini mzee hakununulika. Mwaka 1924 aliacha uprofesa kwenye Chuo cha Tiba cha Jeshi, akipinga watoto wa mapadri kufukuzwa masomoni; na yeye si alikuwa mmoja wao! Aliendelea kuwaandikia wakubwa barua kali hadi uzeeni. Alifariki Leningrad tarehe 27 Februari 1936 kwa homa ya mapafu, ana miaka 86.

Lakini neva yake haikuzikwa naye. Mwaka 1943 huko Chicago daktari Dragstedt alianza kuikata vagasi kwa wagonjwa wa vidonda vya tumbo: tindikali ipungue, kidonda kipone. Wengi walipona. Ila mwaka 1982 Waustralia Warren na Marshall walimwona mhusika mkuu, bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, wakapata Nobel 2005. Kwa hiyo ukiwa na vidonda, kapime bakteria na uwaambie madaktari dawa za maumivu unazomeza. Mawazo yanaweza kuzidisha maumivu, lakini kusingizia mawazo peke yake ni kuchelewesha tiba.

Je, neva imevuliwa cheo? Hapana, imepewa kazi nyingine. Mwaka 2000 timu ya Kevin Tracey, New York, iliwapa panya sumu ya bakteria inayowasha uvimbe mwilini, yaani wekundu, joto na maumivu pale kinga inapopigana. Walipoishtua vagasi kwa umeme, uvimbe ulipungua. Neva ileile inayowasha tindikali inaweza pia kuzipoza chembe za kinga. Mwaka 2002 Tracey akaupa mfumo huo jina la refleksi ya uvimbe, neno la Pavlov kabisa.

Mwaka 2016 madaktari wa Grenoble, Ufaransa, wakatoa matokeo ya watu saba wenye ugonjwa wa Crohn, ule unaovimbisha utumbo miaka nenda miaka rudi. Walipandikiziwa kidude cha umeme kwenye vagasi, shingoni. Baada ya miezi sita watano walikuwa wamepata nafuu kubwa. Wawili walizidiwa wakatolewa kwenye jaribio. Watu saba ni wachache mno kutangazia dawa mpya. Ila wakati wa Dragstedt neva hii ilikatwa ili tumbo lipone, na sasa inaamshwa kwa sababu ileile.

Mwenye swali au anayebisha, uwanja wa maoni uko wazi hapo chini.