Daktari Cook wa Mengo

Mkulima wa milima ya Uluguru akijikata kwa panga, hupelekwa hospitali Morogoro akashonwe. Zamani msaada huo ulikuwa haba katika Afrika ya Mashariki. Albert Cook, daktari Mwingereza, aliwasili Mengo, Uganda, mwaka 1897, baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani. Mwaka ule ule askari Wasudani waliasi, naye akawauguza majeruhi. Kazi hiyo yataka subira: jeraha huoshwa kwanza, ndipo kingo zake hukutanishwa kwa sindano na uzi safi, uchafu ukishonewa ndani, nyama huoza. Mwaka 1902 radi iliteketeza hospitali yake, akaijenga tena. Lakini mikono ya mtu mmoja haitoshi nchi nzima. Basi wakati wa vita vya 1914–1918 alianzisha shule ya kuwafundisha Waafrika uganga. Alikufa mwaka 1951, akiacha mikono mingi yenye kuijua kazi.