Viktor Balck na funzo la uongozi wa michezo

Wapenzi wa michezo huyakumbuka majina ya washindi, na aghalabu huwasahau waliowaandalia uwanja wa kushindania. Miongoni mwa waliosahauliwa ni Viktor Balck, ofisa wa jeshi la Uswidi, ambaye maisha yake yanastahili kutafakariwa na kila aliyekabidhiwa dhamana ya kuongoza michezo.

Balck alizaliwa mwaka 1844 katika mji wa bandari wa Karlskrona. Aliingia jeshini akiwa ofisa mwaka 1866, na baadaye akafundisha katika taasisi kuu ya mazoezi ya viungo ya Stockholm, iliyoasisiwa na Per Henrik Ling mwaka 1813. Kwa mujibu wa mafunzo ya Ling, mazoezi yalikusudiwa kuujenga mwili kwa ulinganifu, wala si kumtafuta mshindi. Balck aliyathamini, lakini aliamini kwamba vijana wa taifa lake walihitaji pia kushindana. Kwa imani hiyo alianzisha vyama, akahariri jarida la michezo, na mwaka 1880 akawaongoza wanamichezo wa Uswidi hadi London.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoundwa mwaka 1894, Balck alikuwa mmoja wa wajumbe wake wa kwanza. Mwaka uliofuata alikuwa rais wa shirikisho la kimataifa la mchezo wa kuteleza barafuni, akakikalia kiti hicho kwa miaka 30. Mwaka 1901 chini ya uongozi wake Stockholm iliandaa Michezo ya Nordiki, mashindano makubwa ya majira ya baridi. Kilele cha kazi yake kilikuwa Olimpiki ya Stockholm ya mwaka 1912, ambapo aliongoza kamati ya maandalizi. Michezo hiyo ilisifiwa kwa mpangilio wake, na kwa mara ya kwanza wanawake walishindana katika kuogelea. Jeshini alipanda hadi kuwa meja jenerali.

Hata hivyo, sifa hizi zisitufumbe macho. Balck aliitazama michezo kwa jicho la kijeshi: ilikuwa nyenzo ya kuliimarisha na kulitukuza taifa. Si ajabu basi kwamba mwaka 1905, muungano wa Uswidi na Norwe ulipokuwa ukivunjika, Wanorwe waliisusia Michezo ya Nordiki. Tena, mwaka 1902 Mwingereza Madge Syers alishiriki mashindano ya dunia ya kuteleza kwa mitindo kwa kuwa hapakuwa na kanuni iliyomkataza, akashika nafasi ya pili mbele ya wanaume. Shirikisho lililoongozwa na Balck likawapiga wanawake marufuku. Mashindano yao wenyewe yakaanza mwaka 1906.

Kubwa zaidi ni hili. Mtu huyu aliyeijenga Olimpiki hakutaka iwe na michezo ya majira ya baridi. Yeye na wenzake wa Uswidi walihofia kwamba Michezo ya Nordiki ingemezwa. Hofu yao haikuwa ya bure: mashindano ya Chamonix ya mwaka 1924 yalitambuliwa baadaye kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, na Michezo ya Nordiki ikafanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1926. Balck alifariki mwaka 1928.

Sisi Wakenya, ambao wanariadha wetu wengi mashuhuri wametoka jeshini, katika polisi na magereza, tunaijua nidhamu ambayo sare huleta michezoni. Balck anatukumbusha upande wa pili. Nidhamu huijenga nyumba, lakini haimpi mjenzi hakimiliki ya milango yake. Kiongozi wa michezo hujenga kwa ajili ya wachezaji, wakiwamo wale ambao hakuwafikiria alipoweka msingi. Asiyekubali hilo hugeuka kizuizi kwa kazi ya mikono yake mwenyewe.