Ibn al-Haytham: Mtu Aliyekwenda Kuuzuia Mto Nile



Kila mwaka wa masomo unapoanza, sisi tuliotangulia katika somo la Fizikia hupata wageni. Ndugu na dada wapya hutungojea baada ya swala ya Alasiri, barua ya kujiunga na chuo mkononi, nao huja na maswali mawili. La kwanza: hii Fizikia ina matawi gani, na lipi lina kazi? La pili huulizwa kwa sauti ya chini: je, elimu hii ni yetu, au tunaazima tu ya watu? Swali la kwanza lingejibiwa kwa mistari mitano ya kitabu cha kiada, lakini mistari hiyo mnayo tayari na sijaona ikimsaidia mtu. Nitayajibu yote mawili kwa kumsimulia mtu mmoja, Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, ambaye Wazungu wa zamani walimwita Alhazen.

Alizaliwa Basra, katika nchi ya Iraq, mnamo mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Wakati huo vitabu vya Wagiriki vilikuwa vimekwisha kufasiriwa kwa Kiarabu: Euclid katika hesabu za maumbo, Ptolemy katika nyota, Aristotle katika mambo ya maumbile. Elimu hiyo ya maumbile, ambayo Wagiriki waliipa jina lililotupa neno fizikia, Waarabu waliiita tabi'iyyat, na mzizi wake ni ule ule uliotupa sisi Waswahili neno tabia. Mimi naipenda tafsiri hiyo kuliko zote. Fizikia huuliza tabia za vitu: jiwe likiachwa linaangukaje, chuma kikipata moto kinakuwaje, mwanga unapita wapi. Haiulizi kwa nini jiwe liliumbwa. Hilo lina wenyewe wa kulijibu.

Sasa kisa. Mwanahistoria Ibn al-Qifti, aliyeandika yapata miaka 200 baadaye, anasimulia kwamba Ibn al-Haytham akiwa bado Iraq alisema kuwa lau angekuwa Misri angeufanyia mto Nile jambo ambalo lingewafaa watu wakati wa maji kujaa na wakati wa maji kupungua. Habari zikamfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala Cairo kuanzia 996 hadi 1021. Khalifa huyu alipenda elimu, alikuwa na maktaba kubwa, na pia alikuwa mtu wa kuogopwa: watu wake wa karibu aliwaua leo kwa jambo alilowasifia jana. Alimwita mwanachuoni wetu, akatoka mwenyewe nje ya mji kumlaki, akampa mafundi na mali, akamwambia afanye alichosema.

Msafara ukapanda na mto kuelekea kusini. Njiani Ibn al-Haytham alikuwa akitazama mahekalu na majengo ya Wamisri wa kale, mawe yaliyopimwa na kuchongwa kwa ufundi ambao hakuwahi kuuona kwao. Hapo moyo ukaanza kusitasita. Watu waliojua kujenga namna hii waliishi kando ya mto huu kwa maelfu ya miaka. Kama lingewezekana, wasingelifanya wao? Alipofika Janadil, kwenye maporomoko ya kusini ya Aswan, aliyakagua maji na kingo za pande zote mbili, akaona kwamba kazi ile haiwezekani kwa uwezo aliokuwa nao. Akarudi Cairo na kumwambia al-Hakim kuwa ameshindwa.

Wengi hukipita kituo hiki haraka ili wafike kwenye mambo ya macho na mwanga. Mimi naomba tukae hapa kidogo, maana sisi tunaosoma Uganda tuna haki na mto huu. Nile ile ile aliyoitazama Aswan hutoka Ziwa Victoria pale Jinja, na anayesafiri kwa basi kutoka Kampala kwenda Mbale huuvuka. Hapo Jinja bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954 na maji yake yakayafunika maporomoko ya Ripon. Litazameni bwawa lile kama ramani ya masomo yenu. Ukuta unaosukumwa na maji usianguke ni kazi ya mekanika, tawi la nguvu na mwendo, ambalo ndilo kongwe na ndilo mtakaloanza nalo. Maji yanaposhuka kwa kasi ndani ya mabomba ni mekanika vilevile, upande wa vitu vinavyotiririka. Maji hayo huzungusha mitambo, ndani ya mitambo sumaku na nyaya za shaba hupishana, na umeme huzaliwa: hilo ni tawi la umeme na sumaku, ambalo mlango wake ulifunguliwa na Michael Faraday kule Uingereza mwaka 1831. Nyaya zikipitisha umeme hupata moto, na sehemu ya nishati hupotea isirudi tena katika kazi. Kwa nini hairudi? Hapo ndipo tawi la joto, lililokuzwa na watu waliotaka kujua injini za mvuke zinaweza kufika wapi. Ukuta mmoja, matawi matatu.

Kule Aswan nako bwawa kubwa lilikuja kujengwa, kati ya 1960 na 1970, kimo chake mita 111 na urefu karibu kilomita nne. Wazo la Ibn al-Haytham halikuwa la kijinga. Alikosa mashine, saruji, baruti za kupasulia miamba na hesabu za nguvu ambazo zilikuja baada yake kwa miaka 700. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kupima kazi kwa macho yake mwenyewe na kukubali jibu alilolipata, hata kama jibu hilo lingeweza kumgharimu shingo.

Al-Hakim alimsamehe kwa nje na kumpa kazi ya ofisini. Lakini nani angelala usingizi chini ya mtu kama yule? Ibn al-Haytham akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikashikwa, akafungiwa nyumbani kwake, na akadumu katika hali hiyo hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Mara akili zikamrudia. (Mwanahistoria mwingine, Ibn Abi Usaybi'a, anataja riwaya kwamba alijifanya mwendawazimu hapo kabla, kule kwao, ili aepuke kazi ya serikali. Wapenzi wa ajira serikalini na wasome wenyewe.) Baada ya hapo alikaa karibu na msikiti wa al-Azhar, akafundisha, akaandika, na chakula chake akakipata kwa kunakili vitabu: kila mwaka alinakili Euclid, Ptolemy na vitabu vya katikati yao, na kuviuza kwa dinari 150 za Misri. Zilimtosha kwa mwaka mzima.

Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Manazir, juzuu saba, juu ya kuona na mwanga. Wapo wanaosema kilianza kuandikwa kifungoni. Ni kisa kitamu, ila watafiti hawakubaliani juu ya tarehe. Yaliyomo ndiyo muhimu. Kabla yake palikuwa na makundi mawili. Euclid na Ptolemy walisema jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu, kama kipofu anavyopapasa kwa fimbo. Wafuasi wa Aristotle walisema kitu ndicho kinacholeta sura yake machoni. Kila kundi lilikuwa na hoja, na mabishano yalidumu zaidi ya miaka elfu.

Yeye aliuliza jambo dogo. Ukilikazia macho jua, unaumia. Ukiutazama moto mkali kisha ukafumba macho, alama yake hubaki. Ikiwa jicho ndilo linalotoa, linaumizwa na nini? Basi kuna kitu kinachoingia. Kisha akalifuata jambo hilo hatua kwa hatua: mwanga hutoka katika kila nukta ya kitu kinachong'aa, huenda pande zote, na huenda kwa mistari iliyonyooka. Wala hakutaka tuamini kwa kuwa amesema yeye. Alieleza jaribio ambalo mnaweza kulifanya bwenini usiku umeme unapokatika. Wekeni mishumaa mitatu kwa mstari upande mmoja wa mlango, na upande wa pili pawe chumba cha giza chenye ukuta mweupe. Acheni tundu dogo tu katikati. Ukutani mtaona madoa matatu ya mwanga. Zibeni mshumaa mmoja kwa kitabu: doa moja litatoweka, nalo ni lile lililo mkabala wake kwa mstari ulionyooka kupitia tundu. Mengine mawili hayataguswa. Mianga yote mitatu imepita katika tundu lile lile na haikuchanganyika.

Nimefanya jaribio hili na wenzangu, na kila mara hutokea mtu anayeondoa kitabu na kukirudisha mara kumi, kama haamini.

Hili ni tawi la nne, elimu ya mwanga, na hapa ndipo nataka kuwa mkweli na ninyi kuhusu swali la pili. Nimesikia mihadhara inayosema Ibn al-Haytham alibuni kamera, na kwamba yote ya Wazungu yameibwa kwake. Siipendi mihadhara hiyo. Tundu la chumba cha giza lilijulikana kabla yake. Yeye alilifanya chombo cha kupimia hoja. Kanuni ya kupinda kwa mwanga, ambayo mtaitumia maabara kwa kipande cha kioo na pini, hakuipata yeye. Ilikuwa imekwisha kuandikwa na Ibn Sahl wa Baghdad yapata mwaka 984, nayo ikasahaulika. Na kuhusu jicho, alidhani sura hupokewa kwenye uso wa mbele wa lenzi, jambo ambalo si sahihi. Kumwambia hivyo si kumvunjia heshima. Yeye mwenyewe alimheshimu Ptolemy, akamnakili maisha yake yote, na bado akaandika kitabu kizima cha shaka juu yake, akifundisha kwamba mtafuta ukweli awe hasimu wa anachokisoma, na aituhumu hata nafsi yake.

Kama mwanga ni tawi moja tu, mbona nimeutaja kwa kirefu? Kwa sababu mlango wa matawi mapya umepita humo. Mwaka 1865 James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu kwamba mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, na matawi mawili yakawa moja. Mwaka 1895 Röntgen aliiona miali ya eksirei. Mwaka 1905 Einstein, akiuliza tena tabia ya mwanga, alianzisha nadharia ya uhusianifu, na mwaka huo huo akaonyesha kwamba mwanga huja kwa vifurushi vidogo, jambo lililolikuza tawi la kwanta na kutusaidia kuingia ndani ya atomi na kiini chake. Wanaouliza kazi iko wapi, waende hospitali wakaone mitambo ya kutibu saratani kwa mionzi, ambayo haiwashwi bila mtu wa fizikia kuipima, waende kwenye kampuni za simu, ambako maneno yetu hupita kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo za mkongo, waende Jinja.

Ibn al-Haytham alifariki Cairo yapata mwaka 430 Hijria, 1040 Miladia. Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha orodha ya vitabu zaidi ya 90, na zaidi ya nusu yake vimetufikia. Kwa muda mrefu Kitab al-Manazir hakikupata msomaji wa maana katika nchi za Kiislamu za mashariki, mpaka Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi, aliyefariki karibu 1319, alipokipata, akakifanyia sherehe ndefu, na kwa kutumia tufe la kioo lililojaa maji akaeleza jinsi upinde wa mvua unavyotokea. Huko Ulaya tafsiri yake ya Kilatini ilipigwa chapa Basel mwaka 1572. Miaka 32 baadaye Johannes Kepler, aliyeisoma, alirekebisha kile kipande cha jicho: sura haipokewi kwenye lenzi, bali huangukia nyuma, kwenye retina, tena ikiwa kichwa chini miguu juu.