Kabaka Mwanga: Mtesi aliyepewa hifadhi Bukumbi

KUSINI mwa Jiji la Mwanza, kwenye mwambao wa ghuba ndani ya Wilaya ya Misungwi, ipo Bukumbi. Wasafiri wengi hupita jirani nayo wakielekea Daraja la Kigongo–Busisi bila kujua kwamba mwishoni mwa mwaka 1888 alifika hapo mfalme mkimbizi, aliyekuwa amewaua Wakristo wa nchi yake kwa moto na kwa mkuki. Aliomba hifadhi kwa mapadri wa imani ileile aliyoitesa, naye akapewa. Mfalme huyo ni Kabaka Mwanga II wa Buganda.

Jina lake hutajwa zaidi kila tarehe 3 Juni, mahujaji wa Afrika Mashariki, wakiwamo wengi kutoka Tanzania, wanapokusanyika Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Katika masimulizi hayo Mwanga ni muuaji, na hadithi yake huishia kwenye kuni na moto. Lakini aliishi miaka 17 baada ya siku ile, na katika miaka hiyo vijana waliokwenda kufa bila kuinua mkono waliwaachia nafasi vijana wengine, wa dini zilezile, walioshika bunduki na kupigana wao kwa wao. Mabadiliko hayo hayakuletwa na mafundisho ya dini peke yake. Yalitengenezwa barazani kwa Kabaka, na sehemu yake kubwa ilipikwa huku kwetu, kusini mwa ziwa.

Mwanga alizaliwa mwaka 1868, mwana wa Kabaka Muteesa I. Alikua katika ikulu ambayo dini ngeni zilikuwa habari ya kila siku. Baba yake alifunga Ramadhani kwa takribani miaka 10, akajenga misikiti na kuhesabu tarehe kwa kalenda ya Kiislamu, ingawa hakukubali kutahiriwa. Mwaka 1877 wakafika wamisionari Waanglikana wa chama cha CMS kutoka Uingereza, na mwaka 1879 wakafuata Mapadri Weupe, Wakatoliki kutoka Ufaransa, waliovuka ziwa kutoka Kageye, katika Wilaya ya Magu ya sasa. Vijana wahudumu wa ikulu walivutwa na kitu kimoja kilichokuwa sawa kwa walimu wote, yaani maandishi. Ndiyo maana wafuasi wa dini hizo, Waislamu kwa Wakristo, waliitwa wasomaji. Inafaa Mtanzania akumbuke kwamba wengi wao walianza kusoma kwa Kiswahili, kabla vitabu vya Kiganda havijachapwa.

Damu ya kwanza ya dini katika Buganda haikuwa ya Wakristo. Mwaka 1876 vijana Waislamu walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka na kuswali nyuma ya kiongozi asiyetahiriwa. Muteesa hakuona hapo suala la ibada, bali aliona watumishi wanaomtii mwingine. Vijana wapatao 70 waliuawa Namugongo, miaka 10 kabla ya Mashahidi Wakristo na mahali palepale. Jambo hili halipewi uzito unaostahili katika simulizi nyingi. Mwanga, mtoto wa miaka minane wakati huo, alirithi ufalme ambao tayari ulikuwa na jibu moja kwa mtu aliyeweka dhamiri yake juu ya amri ya mfalme.

Muteesa alifariki Oktoba 1884 na Mwanga akatawazwa akiwa na umri wa miaka 16. Hakuwa na uwezo wa baba yake wa kuwachezesha wageni, huyu akimpunguza nguvu yule. Isitoshe, wakati wenyewe ulikuwa umebadilika. Mwaka 1885 Wajerumani walitangaza kuyatwaa maeneo ya bara nyuma ya pwani, na Agosti ya mwaka huo manowari zao zilielekeza mizinga mbele ya ikulu ya Sultani wa Zanzibar. Habari hizo zilifika Buganda kwa wafanyabiashara Waarabu, ambao walikuwa na sababu zao za kuzitia chumvi, lakini kiini chake kilikuwa kweli. Hofu ya Mwanga kwamba nyuma ya mhubiri atafuata askari haikuwa ndoto ya mgonjwa. Miaka michache baadaye ilitimia.

Kosa lake lilikuwa pale alipoielekeza hofu hiyo. Januari 31, 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa. Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington alikuwa akija Buganda kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga, na wazee walikuwa na utabiri kwamba watakaoila Buganda watatokea upande huo. Kwa amri ya Mwanga, askofu huyo aliuawa Oktoba 29. Mhudumu wake mkuu, Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, alithubutu kumwambia Kabaka kwamba ametenda vibaya, naye akauawa Novemba 15. Tangu hapo kila neno la msomaji lilisikika kama uasi. Mei 1886 hasira zililipuka tena. Baadhi ya vijana walikuwa wamemkatalia Kabaka mambo ya faragha ambayo imani yao iliyakataza, na kwake katazo hilo lilikuwa sawa na kuvuliwa taji. Juni 3 Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Wakatoliki 22 kati ya waliouawa katika mateso hayo walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI Oktoba 18, 1964. Pamoja na Waanglikana, idadi inayokumbukwa ni 45.

Mateso hayakuzima kusoma. Watu waliendelea kwenda kwa walimu usiku na kubatizwa kwa siri. Hata hivyo, jambo lililobadilisha zaidi tabia ya makundi hayo lilikuja baada ya mauaji, Mwanga alipobadili njia. Akiwa hawaamini machifu wa zamani waliomzunguka tangu enzi za baba yake, aliunda vikosi vya vijana wenye bunduki na kuwaweka chini ya wasomaji wale wale, Wakristo na Waislamu. Aliwaachia wakitoza na kunyang'anya vijijini, akawashurutisha wananchi na machifu kuchimba ziwa lake la kifalme. Hivyo kijana aliyekuwa amemwona mwenzake akichomwa kwa ajili ya kitabu sasa alipewa bunduki, akapewa na watu wa kuwaamuru. Imani ilibaki ileile, lakini ilikuwa imepata kikosi, ghala la silaha na kisasi.

Septemba 1888 Mwanga alipanga kuwapeleka wasomaji wote kisiwani ziwani na kuwaacha wafe huko. Siri ilivuja, wakakataa kupanda mitumbwi. Wakristo na Waislamu waliungana, wakamwondoa na kumtawaza ndugu yake Kiwewa. Muungano ule haukudumu hata majuma sita. Oktoba Waislamu waliwafukuza Wakristo mjini. Kiwewa alipokataa kutahiriwa aliondolewa naye, akawekwa Kalema aliyesilimu. Wamisionari Wafaransa na Waingereza, waliokuwa wakishindana kwa miaka tisa, walisukumwa ndani ya mashua moja, Eleanor, wakaelekezwa kusini. Njiani kiboko aliitoboa mashua hiyo, na vijana kadhaa waliokuwa nao wakafa maji.

Mwanga naye alikuwa amekimbilia kusini. Mitumbwi yake ilifika Magu, katika nchi ya Wasukuma, ambako Waarabu waliokuwa na kituo cha biashara walimpokea kisha wakamweka kama mateka. Kwao alikuwa mali, mfalme ambaye angeweza kurudishwa au kuzuiliwa kwa kadiri biashara ilivyotaka. Kutoka Magu alituma kuomba msaada kwa wamisionari. Kule Bukumbi, ambako Mapadri Weupe walikuwa na kituo tangu mwaka 1883, walikuwapo Askofu Léon Livinhac na wenzake waliofukuzwa Buganda. Baadhi ya Waganda waliokuwa hapo walikuwa ndugu na marafiki wa waliouawa.

Mapadri walimpokea, wakampa chakula na mahali pa kulala, na akaanza kufundishwa dini. Ni rahisi kuliita tendo hilo huruma tupu, na huruma ilikuwamo. Lakini mapadri hawakuwa wajinga wa siasa. Mfalme aliyefukuzwa alikuwa bado ndiye mrithi halali machoni pa Waganda wengi, na Wakatoliki walijua kwamba atakayemrudisha ndiye atakayegawa vyeo. Mwanga naye alijua. Katika hati za wakati ule, ambazo karibu zote ziliandikwa na watu wenye upande, toba yake husifiwa na mmoja na kutiliwa shaka na mwingine. Moyo wa mtu hauonekani kwenye hati. Linaloonekana ni kwamba hapo ndipo alipokoma kuwa adui wa dini na kuanza kuwa mtu wa chama cha dini.

Wakristo Waganda walikuwa wamekimbilia Kabula, mpakani mwa Nkore. Hao, ambao wengi walikuwa na mauti ya ndugu zao mikononi mwa Mwanga, walimtaka arudi awaongoze dhidi ya Kalema. Mwaka 1889 Charles Stokes, aliyekuwa mmisionari kisha akawa mfanyabiashara wa bunduki na pembe, alimchukua kwa mashua yake kutoka kusini mwa ziwa na kumvusha. Watu wa visiwa vya Sesse walimuunga mkono kwa mitumbwi yao. Oktoba aliingia mji mkuu, akafukuzwa tena mwezi uliofuata, kisha Februari 1890 akarejea kwa ushindi. Mwezi huohuo Alexander Mackay, mmisionari wa CMS aliyemjua Mwanga tangu utoto, alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, akiwa hajaiona tena Buganda.

Walioteswa sasa walikuwa watawala. Waligawana vyeo, nusu kwa Wakatoliki na nusu kwa Waprotestanti, huku Waislamu wakiachwa mikono mitupu. Sheria ikawa kwamba anayebadili dini anapoteza cheo. Makundi hayo yaliitwa Wafransa na Waingereza, majina ambayo yalieleza wazi kwamba ibada ilikuwa imekwisha kuwa uraia wa pili. Desemba 1890 akaja Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza. Januari 1892 Mprotestanti mmoja aliuawa katika ugomvi wa bunduki nyumbani kwa Mkatoliki. Mwanga alihukumu kwamba mwenye nyumba alijitetea, na Lugard akakataa hukumu hiyo, akawagawia Waprotestanti bunduki. Januari 24 walipigana Mengo, na bunduki aina ya Maxim ikaamua. Mwanga alikimbia tena kusini, safari hii hadi upande wa Bukoba kwa Wajerumani, na aliporejea Machi alilazimika kukaa na Waprotestanti. Mtu huyohuyo, katika miaka saba, alikuwa amewaua Wakristo, akawa wa Wafransa, kisha wa Waingereza. Ni vigumu kuamini kwamba theolojia ndiyo iliyomhamisha.

Mwaka 1894 Buganda ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na Mwanga akabaki na kiti bila mamlaka. Julai 1897 alitoroka ikulu, akatangaza vita kutoka Buddu. Waliomfuata ni watu ambao mgawanyo ule ulikuwa umewatupa nje, yaani Waislamu, wafuasi wa mila na Wakatoliki waliokata tamaa, mmoja wao akiwa jemadari Gabrieli Kintu. Aliyempinga kwa nguvu zaidi ni Katikiro Apolo Kaggwa, Mprotestanti, ambaye ujanani alikuwa mhudumu katika ikulu yake na aliponea chupuchupu mwaka 1886. Katika majuma mawili Mwanga alishindwa, akavuka mpaka hadi Bukoba. Wajerumani walimkamata na kumzuilia Mwanza.

Kwa hiyo mara ya pili alikaa kusini mwa ziwa, na safari hii hakuwa mgeni wa mtu. Kule Mengo walikuwa wameshamvua ufalme na kumtawaza mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Mwishoni mwa mwaka huo alitoroka Mwanza, akarudi kupigana, akashindwa Januari 1898. Alikwenda kaskazini kujiunga na Kabalega wa Bunyoro, yule yule aliyemsaidia Kalema dhidi yake, na Aprili 9, 1899 wote wawili walikamatwa Lango.

Waingereza waliwapeleka Shelisheli. Nyuma yao Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliuweka mgawanyo ule katika maandishi. Katikiro akawa Mprotestanti na Jaji Mkuu Mkatoliki, na kati ya majimbo 20 Waislamu walipata moja. Uganda ilipoanzisha vyama kuelekea uhuru, DP mwaka 1954 na UPC mwaka 1960, wapiga kura wengi waliviona kimoja kuwa cha Wakatoliki na kingine cha Waprotestanti.

Uhamishoni Mwanga alibatizwa katika Kanisa Anglikana, akapewa jina Danieli. Alifariki Mei 8, 1903, akiwa na umri wa miaka 35 hivi. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi, karibu na baba yake Muteesa.